Safari ya Meno ya Mdogo Wake

Ukimkuta kazini, Fundi hakujibu salamu kwa maneno. Aliinua nyusi, akainamisha kichwa, akakuonyesha kiti. Haikuwa jeuri. Midomo yake ilikuwa imebana pini saba au nane, na mwenye pini mdomoni hana nafasi ya mazungumzo. Wateja walishamzoea. Wengine walimpenda kwa hilo hasa. Mwanamke alisimama mbele ya kioo kirefu, Fundi amepiga magoti akimkunjia upindo wa gauni, na mwanamke yule akamwaga yote ya moyoni, ya mume, ya mawifi, ya kazini, akijua kwamba anayemsikiliza hawezi kumkatiza. "Wewe una kifua," walimwambia wakati wa kuondoka. Naye aliitikia kwa kichwa.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa baharia kwenye meli za mizigo na aliyepiga simu kila meli ilipotia nanga. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ya kukatia, pasi, kioo, na ukuta mzima wa sare za shule zilizotundikwa kwa namba. Mtaani walimwita Fundi, basi. Jina alilopewa na wazazi wengi hawakulijua, na yeye hakuona sababu ya kuwatajia.

Meno yake yalikuwa ya kahawia. Haukuwa uchafu, wala haikuwa tumbaku. Alikulia mahali ambapo maji ya kisima yalikuwa na madini, na kila mtoto aliyeyanywa tangu uchanga aliota meno yenye mabaka ya rangi ya kutu, mengine yakiwa na vishimo kama jiwe la kusagia. Kwao haikuwa aibu kwa sababu haikuwa habari. Baba alikuwa hivyo, mama hivyo, majirani hivyo. Mwenye meno meupe ndiye aliyekuwa mgeni. Aibu ilianza walipohamia mjini, yeye akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku ya kwanza shuleni aliambiwa asimame asome kwa sauti. Alisoma bila kukosea hata neno. Alipoinua macho, darasa zima lilikuwa likimtazama mdomo, na mmoja kutoka nyuma akauliza kama kwao watu hula misumari.

Tangu siku hiyo mdomo wake ukawa mlango wenye komeo. Alicheka kwa pua. Alikula akiwa ameinama. Katika picha ya harusi yake bwana harusi anatabasamu na yeye amebana midomo kama mtu aliyeonja ndimu. Hakuwahi kukanyaga kwa daktari wa meno, maana daktari wa meno ndiye mtu wa kwanza kukuambia ufungue mdomo.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa na meno yale yale na moyo mwingine kabisa. Alisomea ualimu akaishia kufundisha watoto wadogo kusoma, na huwezi kumfundisha mtoto herufi ukiwa umefumba mdomo. Kila mwaka watoto wapya walimuuliza, "Mwalimu, umekula chokoleti?" Naye aliwajibu, "Nimekula, na sikuwabakizia." Walicheka mambo yakaisha. Watoto hawakumsumbua. Waliomsumbua walikuwa watu wazima.

Mwaka ule, akiwa na miaka arobaini na minane, shule yake ilichapisha kipeperushi cha kuwavutia wazazi. Mpiga picha alikuja, walimu wote wakapangwa, wakapigwa picha mmoja mmoja. Kipeperushi kilipotoka, Mwalimu hakuwemo. Mkuu wa shule alimwambia kwa upole mwingi kwamba nafasi haikutosha.

Alikuja nacho kwa dada yake, akakiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa.

"Nimekiangalia mara tatu, Dada," alisema. "Mlinzi wa geti yumo. Hata mbwa wake yumo."

Fundi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa. Alikitazama kipeperushi kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza kama amekula.

Mwalimu hakuja kuliwazwa. Alikuwa ameshakata shauri. Mwenzake mmoja wa kazini alimweleza kuhusu nchi ya jirani, safari ya siku nzima na usiku wake kwa basi, ambako kuna kliniki za meno zinazopokea wageni kila siku. Kwa bei ya huku ungefunikwa meno mawili. Kule, kwa fedha hizo hizo, unatengenezwa kinywa kizima cha mbele, na ndani ya siku kumi umerudi kwako. Alikuwa ameshawatumia picha za meno yake kwa simu, na walishampangia tarehe wakati wa likizo ya shule. Sharti lilikuwa moja, awe na mtu wa kumsindikiza, kwa sababu siku ya kusagwa meno angepewa dawa ya kulegeza mwili na hangeruhusiwa kutoka peke yake.

"Likizo ndiyo msimu wangu wa sare," Fundi alisema.

"Najua."

"Na umri huu, mdogo wangu, meno meupe ya nini?"

"Nimechoka kuongea huku watu wanasikiliza meno yangu. Nataka siku moja niseme jambo, mtu asikie jambo." Mwalimu alikikunja kipeperushi. "Njoo na wewe watutengeneze wote."

"Mimi sina wa kumtabasamia. Hawa ninaowapima viuno hawanitazami usoni." Kisha, kwa kuwa hakuwahi kumnyima mdogo wake kitu tangu alipokuwa akimbeba mgongoni, akasema, "Nitakusindikiza."

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia. Kwa miezi minne hivi alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, karibu na magego. Alikuwa na hakika ni pini. Alikumbuka hata siku yenyewe. Mteja alipiga chafya ghafla, yeye akashtuka, pini ikamchoma. Au labda siku hiyo ilikuwa nyingine, na kidonda kilikuja chenyewe. Alisukutua kwa maji ya chumvi kila asubuhi, akahamishia pini upande wa kulia wa mdomo, na chakula akakihamishia huko huko. Kidonda hakikuuma sana, ila hakikupona. Alijiambia kwamba kitu kinachotumika kutwa, kama ulimi, hakipati nafasi ya kupona. Aliona hayo ni maelezo ya kutosha.

Walisafiri wiki ya kwanza ya likizo. Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na mabomba, na ngazi zake zilinuka rangi mbichi. Chumba cha kungojea kilijaa watu wenye mizigo miguuni. Kulikuwa na mzee aliyeshika bahasha ya picha za eksirei, na dada wawili wenye mashavu yaliyovimba wakinong'onezana kwa lugha ambayo Fundi hakuijua. Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani ya kukuzia aliyoisukuma juu ya paji la uso kama mtu aliyesahau kuivua. Hakujua Kiswahili. Muuguzi wake ndiye aliyekijua, na yeye ndiye alikuwa mkalimani.

Daktari alimchunguza Mwalimu kwa muda mrefu, akigonga jino hili na lile.

"Anasema meno yako ni magumu kama jiwe," muuguzi alitafsiri. "Hayana hata tundu moja. Ni rangi tu. Anasema ili ayafunike ni lazima ayasage kidogo, na yakishasagwa hakuna kurudi nyuma. Anataka uwe na hakika."

"Mwambie nimeishi nayo miaka arobaini," Mwalimu alisema. "Tumeshaagana."

Ikaletwa sampuli ya rangi, vipande vya meno bandia vimepangwa kama funguo kwenye pete, kutoka meupe kama karatasi hadi ya njano ya pembe. Mwalimu alikimbilia lile jeupe kuliko yote. Daktari akatikisa kichwa. Wakavutana kwa maneno, muuguzi katikati akigeuka huku na huku, mpaka Fundi, ambaye alikuwa amekaa pembeni na mkoba magotini, akainuka. Alimshika mdogo wake kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasogeza vipande kimoja kimoja karibu na ngozi ya shavu lake, kama anavyosogeza uzi kwenye kitambaa.

"Hiki," alisema. Kilikuwa cha nne kutoka mwisho. "Hicho chako kitaonekana kiraka."

Daktari alikitazama, akamtazama Fundi, akasema kitu.

"Anauliza umesomea wapi," muuguzi alisema.

"Mwambie kwenye cherehani."

Siku ya kusaga, Fundi alikaa ndani ya chumba kile kile saa nne nzima. Alisikia mlio wa mashine ukipanda na kushuka, akanusa harufu kama ya kwato zilizounguzwa, akaona vumbi jeupe likiruka juu ya aproni ya daktari. Chini ya ile kahawia kulikuwa na weupe, siku zote. Jambo hilo lilimtia huzuni ambayo hakuweza kuieleza. Mwalimu alitoka pale akiwa na meno ya muda ya plastiki, midomo imekufa ganzi, akitembea kama mlevi, na Fundi akamshika kiuno mpaka chumba chao cha kulala wageni, nyumba ya tatu kutoka kliniki.

Meno yenyewe yangechukua siku saba kutengenezwa. Walizipitisha siku hizo katika chumba chenye vitanda viwili, meza moja na dirisha lililotazama ua wa kuanikia nguo. Mwalimu hakuruhusiwa kutafuna kitu kigumu, kwa hiyo Fundi alipika supu kwenye jiko la umeme la nyumba ile, nao wakanywa pamoja. Siku ya tatu Mwalimu alishusha kijiko.

"Dada, mimi ndiye niliyesagwa meno. Wewe supu ya nini?"

"Nakuunga mkono."

"Na mkate nimeuona umeulowesha kwenye chai."

"Uzee," Fundi alisema, akaondoa sahani.

Siku ya nane walirudi kliniki. Daktari alipachika vifuniko kimoja baada ya kingine, akavibandika, akavimulika kwa taa ya buluu, akamwambia Mwalimu aume, afungue, aume tena. Kisha akampa kioo cha mkono.

Mwalimu alijitazama. Kwanza hakucheka. Alifumba mdomo, akaufumbua, akausogeza ulimi juu ya meno kama anayepapasa ukuta gizani. Halafu akasema, polepole, sauti anazofundisha watoto: "Sa, se, si, so, su." Akasikia mwenyewe alivyosema, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, kile alichokuwa nacho wakiwa kisimani bado watoto. Fundi naye akacheka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijisahau, akacheka mdomo wazi mbele za watu wasio wake. Kicheko hakikufika mwisho. Ulimi uligusa gego, maumivu yakampiga hadi sikioni, akashika taya na kukunja uso.

Haikufika hata dakika moja. Lakini daktari aliiona. Alishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso na kusema neno moja.

"Anasema ukae," muuguzi alimwambia Fundi.

"Mimi si mgonjwa. Nimesindikiza."

"Anajua. Anasema ukae."

Alikaa. Kiti kililazwa nyuma mpaka akawa anatazama dari. Alipoambiwa afungue mdomo, mikono yake ilishika kingo za kiti, na alifumba macho ili asione uso wa mtu anayemwona. Daktari hakusema lolote kuhusu rangi. Aliushika ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta taratibu upande, akamulika. Alikandakanda kwa kidole pembeni mwa kidonda, kisha akashuka shingoni, chini ya taya, akibonyeza mahali pamoja mara mbili, mara tatu. Halafu akavua glavu, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa muda mrefu, bila haraka, akimtazama Fundi na si muuguzi.

Muuguzi alisema, "Anasema kidonda hiki si kizuri. Ukifika nyumbani uende hospitali."

Fundi alikaa wima. "Yeye kasema maneno mengi. Wewe umenipa machache. Mengine yako wapi?"

Muuguzi alitazama sakafu.

"Mimi nashona nguo," Fundi alisema. "Mtu akinipa kitambaa mita tatu, namrudishia gauni la mita tatu. Nipe yote."

"Anauliza una kidonda hiki tangu lini."

"Miezi minne. Mitano. Ni pini ilinichoma."

Muuguzi alitafsiri, akasikiliza jibu. "Anasema jeraha la pini lingepona ndani ya wiki mbili. Kidonda hiki kina kingo ngumu. Na kuna uvimbe shingoni, upande huo huo. Anataka akate kipande kidogo sana leo hii, apeleke kupimwa kwa haraka, na matokeo ayatume kwa simu kesho au keshokutwa. Lakini anasema usiyangoje. Anakuandikia barua ya kupeleka hospitali kubwa ya kwenu, uende siku hiyo hiyo utakayofika."

"Ametaja saratani?"

"Ametaja. Amesema si lazima iwe hiyo. Lakini ametaja."

Mwalimu alikuwa amesimama karibu na dirisha, kioo bado mkononi. Hakuna aliyekumbuka kumpongeza.

Ugomvi wao ulitokea mchana ule, chumbani, wakikunja nguo za safari. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Miezi mitano. Unakula mezani kwangu kila wiki. Miezi mitano, Dada, mficha maradhi..." Aliisikia methali inakoelekea, akaikata katikati, akakaa kitandani na blauzi mkononi.

"Imalize," Fundi alisema. "Sote tunaijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungesema twende kwa daktari. Daktari angesema fungua mdomo." Alikuwa akizungumza kwa taabu, maana pale palipokatwa palianza kuuma ganzi ilipoisha. "Mume wangu niliishi naye miaka kumi na tisa, na alipokufa hakuwa ameona meno yangu ya nyuma. Hujui wewe. Wewe uliwahi kucheka na watoto wako darasani. Mimi nilifunga mdomo nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nikasahau kwamba ndani yake kuna kitu."

Mwalimu alilia. Fundi hakulia. Alimchukulia blauzi mkononi, akaikunja vizuri, mikono nyuma, kola juu, kama zinavyokunjwa nguo za dukani, akaiweka kwenye begi.

Matokeo yaliwakuta mpakani, katika foleni ya kugonga pasi. Ilikuwa saratani. Mwalimu alisoma ujumbe, akampa dada yake simu. Fundi alisoma, akarudisha simu, akasogea mbele hatua moja kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.

Hospitali ya nyumbani walikaa siku tatu wakipelekwa mlango hadi mlango, lakini barua ya daktari yule iliwafungulia mingi. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye sauti ya chini, alimweleza Fundi kila kitu bila kuzunguka. Angekata theluthi moja ya ulimi, angesafisha tezi za shingoni, kisha mionzi wiki sita. Kabla ya mionzi ingebidi ang'olewe magego manne ya upande ule, yasije yakaoza baadaye ndani ya taya lililodhoofika.

"Hayo ni mazima," Fundi alisema. "Nimeambiwa ni kama jiwe."

"Ni mazima," daktari alikubali. "Ndiyo maana nasikitika." Akaandika kitu. "Kazi yako inahitaji kuzungumza sana?"

"Kazi yangu inahitaji kunyamaza."

Daktari alitabasamu, kisha akaona kwamba yeye hatabasamu, akainamia karatasi zake.

Upasuaji ulichukua asubuhi yote na sehemu ya mchana. Fundi alizinduka akiwa na mpira puani, bomba shingoni, na kitu kizito kinywani ambacho hakikuwa ulimi wake. Hakuweza kusema. Mwalimu alimletea daftari lake la vipimo vya wateja na penseli, na kwa wiki mbili waliongea hivyo, maneno yakiandikwa kando ya mabega na viuno vya watu.

Katika siku hizo Fundi aliona jambo. Mwalimu alikuwa amekaa kando ya kitanda, akimsimulia habari za mtaani, nani kaulizia sare, jirani gani kamletea maziwa, na kila alipozungumza aliinua mkono akaziba mdomo. Alikuwa na meno mapya mazuri, rangi ile ile aliyochaguliwa, na alikuwa akiyaficha kuliko alivyowahi kuyaficha yale ya zamani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani ana kikohozi.

Fundi alivuta daftari. Aliandika kwa herufi kubwa: TOA MKONO.

Mwalimu alisoma, akatikisa kichwa. "Siwezi, Dada. Nakaa hapa na meno haya, na wewe... Naona kama nimeyaiba."

Fundi aliandika tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, penseli ikikwama kwenye shuka. Aliposhika daftari juu, lilisema: Ungebaki na ya zamani tusingekwenda. Tusingekwenda ningekufa. Nyamaza ucheke.

Mwalimu alisoma mara mbili. Mkono ulishuka taratibu hadi mapajani. Hakucheka siku ile, ila hakuuinua tena.

Mionzi ilimchoma Fundi shingo ikawa nyeusi, ikamkausha mate, ikamwondolea ladha hata ya chumvi. Alipungua mpaka magauni yake mwenyewe akayapunguza mara mbili. Jioni, Mwalimu akitoka kazini, walikaa karakanani na kufanya mazoezi waliyoagizwa na hospitali. Mwalimu aliketi mbele yake kama anavyoketi mbele ya watoto, akafungua mdomo wazi na kuonyesha ulimi unakaa wapi. "Sa." Fundi alisema "sha." "La." Fundi alisema kitu ambacho hakikuwa herufi yoyote. Ili kumfuata mdogo wake ilimbidi afungue mdomo wote, meno ya kahawia ya mbele, mapengo ya nyuma, na ule ulimi mfupi ulioshonwa. Siku za kwanza alitazama ukutani akifanya hivyo. Baadaye aliacha. Wateja waliingia wakawakuta katikati ya zoezi, na yeye hakunyanyuka.

Kwa muda wote huo mwanawe baharia hakujua kitu. Alipokuwa akipiga, Mwalimu ndiye aliyepokea. Mara Mama amelala, mara ametoka kupeleka mzigo, mara ana mafua na sauti imemkauka. Mwalimu alikuwa na aibu ya kusema uongo, lakini Fundi alikataa katakata. Aliandika kwamba mtoto yuko katikati ya bahari, hawezi kuruka akaja, na habari kama hii hupewa mtu akiwa amekanyaga nchi kavu. Baharia hakuwa mjinga. Alianza kupiga saa ambazo hajazoea kupiga.

Siku moja ya Jumapili, mwezi wa tano baada ya upasuaji, Mwalimu alikuwa uani akianika nguo, simu ikalia juu ya meza ya kukatia. Fundi aliitazama ikilia. Ilikatika, ikalia tena. Akaipokea.

"Haloo," alisema. Ilitoka vibaya, nene, kama mtu mwenye chakula kinywani.

"Haloo? Nani mwenzangu?" Kulikuwa na kelele za mashine nyuma yake. "Naomba kuongea na mwenye simu."

"Ni mimi."

"Samahani, sikusikii vizuri. Wewe nani? Mama yuko wapi?"

Alishika ukingo wa meza. Alijua maneno anayoyataka, na alijua yapi yatamkwama. Aliyachagua polepole, akaacha yale magumu.

"Mimi mama yako," alisema. "Mama. Nimeumwa. Nimepona."

Upande wa pili mashine ziliendelea kunguruma.

"Rudia," mwanawe alisema.

Akarudia. Na kwa kuwa hakumkatiza, akaendelea, neno kwa neno, akirudi nyuma pale lilipomtoka vibaya, mpaka akamweleza yote, safari ya meno ya mama mdogo, daktari wa miwani, hospitali, mionzi. Hakuwa amewahi kuongea na mwanawe kwa kirefu namna ile tangu amzae. Mwalimu aliingia na beseni tupu, akasimama mlangoni.

"Mama," baharia alisema mwishoni, na sauti yake sasa ndiyo iliyokuwa haisikiki vizuri, "nimekuelewa. Yote nimeyaelewa. Sasa niambie, unakula nini?"

Akamwambia. Supu, viazi vya kuponda, ndizi. Baharia akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Akamwambia linavuja. Wakaongea habari za paa.

Baharia alirudi likizo mwezi uliofuata, akalitengeneza. Fundi alirudi kazini kwa saa chache, kisha kwa siku nzima. Maneno yake hayakunyooka tena yote, na wateja wapya iliwabidi wainame kumsikiliza, jambo ambalo baadhi yao hawakulipenda wakahama. Mwalimu alipigwa picha ya kipeperushi cha mwaka uliofuata, akakataa kuletewa nakala. Kila baada ya miezi mitatu dada hao wawili walikwenda hospitali, Fundi akafungua mdomo, daktari kijana akamulika, akabonyeza shingo, akasema hakuna kitu. Wamekwenda mara tisa sasa. Ya kumi ni mwezi ujao.